Moto Hauzimwi Chai Ikiwa Ndani

Omollo alifika kiwandani kwetu akiwa na miaka ishirini na tatu, begi moja na redio isiyo na betri. Alitoka upande wa ziwa. Watu wa kwao walikuwa wengi hapa, wengine ofisini, wengine kwenye lori za majani, lakini yeye alipelekwa boila. Siku hizo boila ndiko mgeni alikopelekwa ili aichukie kazi na kuikimbia mwenyewe. Omollo hakukimbia. Amekula moshi huko miaka ishirini na nne, nyusi zimeungua zikaota zikaungua tena, na ukimpa magogo mawili ya mkaratusi atayagonganisha na kukwambia lipi limekauka na lipi litaleta moshi wa bure.

Ni mtu mwema, lakini ana mdomo. Tena anapenda kuwa sahihi kuliko kula. Mkewe Jerusa husema hata akikosea njia ya kwenda kanisani, atasema kanisa ndilo limehama.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kiwanda cha chai, nieleze kidogo. Boila ni tangi kubwa la chuma lenye maji, lina kioo pembeni cha kuonyesha maji yamefika wapi, na chini yake kunawaka kuni mchana kutwa. Maji yanatoa mvuke, mvuke unapasha joto mashine za kukausha, majani yaliyosagwa yanapita humo yanatoka chai. Mvuke ukikatika majani yakiwa ndani, yanachacha. Yakichacha ni ya kumwaga. Halafu meneja anapiga kelele mpaka watu wa Sosiot wanasikia.

Kwa hivyo watu wa boila walikuwa na sheria yao. Haikuandikwa kitabuni. Mzee wa boila aliyemfundisha Omollo alimpa, na Omollo akaiandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango, kwa mkono wake: MOTO HAUZIMWI CHAI IKIWA NDANI. Kila kijana aliyeletwa boila alisomeshwa hayo maneno kabla ya kupewa ovaroli.

Mmoja wao alikuwa Sagini.

Sagini alikuwa Mkisii kama mimi, mtu mpole, wa maneno machache. Alifanya kazi chini ya Omollo miaka minne. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Aprili, majani yakiwa mengi mpaka lori zinapanga foleni nje ya geti, bomba ndani ya boila lilipasuka saa nne ya asubuhi. Mvuke ulitokea mlango wa moto, pale kuni huingizwa. Sagini alikuwa amesimama pale pale. Alikaa hospitali siku tano, ya sita tukachanga pesa ya jeneza.

Ofisi ikaandika kwamba maji yalipungua kwenye boila na aliyekuwa na zamu ya kuangalia maji ni Sagini. Kwa maneno mengine, alilala. Habari ikafika kwao Kisii kabla ya mwili kufika: mtoto wenu alilala kazini, akajiua, karibu aue na wengine. Mama yake hakuweza kuvumilia hiyo aibu, akatafuta wa kuibeba. Akampata mke wa Sagini, Nyanchoka, akamwambia: Wewe ndiye ulikuwa humwachi alale usiku na maneno yako, sasa ona. Baada ya mazishi Nyanchoka hakupewa hata tuta moja la kupanda mboga. Alirudi huku, akapanga chumba Sotik, na mpaka juzi alikuwa anauza ndizi pale sokoni. Miaka tisa hajaona kaburi la mume wake.

Na Omollo? Omollo alitoka na alama ya moto kwenye mkono, na hadithi. Alikuwa anaihadithia wakati wa chai ya saa nne, na mimi nilikuwa nacheka kama wengine, sitajificha.

"Ndugu yenu Sagini," alikuwa akisema, akiniangalia mimi kwa sababu ni Mkisii, "Mungu amlaze pema, lakini alikuwa na vituko! Kioo cha maji kimekauka, chai imejaa mashine tatu, yeye anachukua ule mkono wa chuma wa kukokotea makaa anaanza kuvuta moto nje! Ati tuzime! Nikamwambia, Sagini, umesoma mlango huo au ulidhani ni picha? Nikakimbilia pampu nifungue maji. Ningefika dakika mbili mapema, boila ingepona."

Tunacheka. Tunasema, kweli huyo alikuwa mtu wa vituko. Tunamaliza chai tunarudi kazini.

Sasa mwezi wa tatu mwaka huu tukaambiwa kuna mafunzo mapya. Kila mtu wa boila lazima afanye mtihani, asiyepita hataguza boila tena. Na kila idara itoe mtu mmoja wa kamati ya usalama kushuhudia. Sisi wa chumba cha kuchambua chai, wenzangu walinitoa mimi, kwa sababu, walisema, Mama Gichana hanyamazi.

Mwalimu alikuwa msichana anaitwa Maxine, suruali ya kaki, kompyuta ndogo, na sanduku jeusi. Kwenye sanduku mlikuwa na miwani. Nikisema miwani msifikirie ya kusomea. Ni kubwa kama ile ya kuchomelea vyuma, na mbele imezibwa kabisa. Ukivaa huoni chumba, unaona kitu kingine, na unashika vishikio viwili ambavyo huko ndani vinakuwa mikono yako.

"Mama, anza wewe," Maxine akaniambia. "Uwaondolee woga."

Nikavaa. Bwana! Nilikuwa kwenye chumba cha boila. Si picha ya ukutani. Nilikuwa ndani. Nikigeuka, kuni ziko nyuma. Nikiinua kichwa, mabomba yako juu. Nikaona ukuta karibu, nikataka kuuegemea nipumue, na ukuta haukuwepo. Nilimwangukia meneja. Wanaume walicheka mpaka Towett, kijana wa boila, akatoka nje kushika mbavu.

"Mama Gichana amepata mchumba," Omollo akasema.

"Afadhali mimi nimeshikwa," nikamjibu. "Wewe utashikwa na nani, na hiyo harufu ya moshi?"

Towett akajaribu, akapita. Ikawa zamu ya Omollo. Alivaa miwani kama mtu anayevalishwa kofia ya harusi, kifua mbele.

"Binti yangu," akamwambia Maxine, "nilianza kazi hii kabla mama yako hajakununulia kalamu. Leo nifundishwe na miwani?"

"Mzee, mimi sikufundishi. Fanya tu vile unafanya kila siku."

Alichokuwa anakiona yeye, sisi wengine tulikuwa tunakiona kwenye runinga ukutani. Moto unawaka. Mashine za kukausha zimejaa, taa zake zote ziko kijani. Na mbele ya mlango wa moto kulikuwa na mfanyakazi wa picha, mtu wa ovaroli ya bluu, amesimama tu, kama wale wa kwenye michezo ya watoto. Omollo alitembea akakagua hiki na kile, akasifiwa na kompyuta kwa kengele ndogo. Akatabasamu chini ya miwani.

Halafu kioo cha maji kikaanza kushuka. Kikashuka, kikashuka, kikawa kitupu.

Omollo hakufikiria hata. Mkono wake ulienda pampu kama vile wangu unavyoenda kwa mwiko. "Moto hauzimwi chai ikiwa ndani," akasema, kwa sauti, kutufundisha sisi. Akafungua maji.

Runinga ikawa nyeupe.

Mlio wake sijui waliutengeneza na nini, nilishika kiti. Weupe ulipopungua tukaona mlango wa moto umefunguka, mvuke unatoka kama mto, na yule mtu wa ovaroli ya bluu yuko chini.

"Sagini!" Omollo akapiga ukelele. "Sagini, toka hapo! Toka!"

Alirusha vishikio. Aling'oa miwani, kamba ikamkwaruza sikio, akasimama katikati ya chumba cha mikutano cha kiwanda, saa tano ya asubuhi, jua dirishani, anatuangalia kama watu asiowajua. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono na sikujua niliuweka lini.

Maxine hakujua Sagini ni nani. Akamletea maji. "Pole mzee. Wengi wanashtuka mara ya kwanza. Wengi pia wanafungua maji, usijilaumu."

"Nimekosea wapi?" Omollo akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Kioo kikiwa kitupu, chuma ndani kimekauka na kupata moto kupita kiasi. Ukikimwagia maji wakati huo, yote yanageuka mvuke kwa pamoja, na hakuna bomba litavumilia. Maji kupungua peke yake kungeharibu boila, pengine. Kinacholeta mlipuko ni yale maji unaongeza."

"Kwa hivyo ufanye nini?"

"Usiguze pampu. Zima feni inayopuliza moto, funga milango ya hewa ili moto ufe, toa watu wote nje."

"Na chai?"

"Chai wacha iharibike, mzee."

Omollo akakaa. Akaangalia mkono wake wenye alama. Mimi tayari nilikuwa nimeshaona anakokwenda, nikatamani asiulize.

Akauliza. "Na kama mtu mwingine, mwenzako, ameona kioo kimekauka, akachukua mkono wa chuma akaanza kuvuta moto nje. Huyo amekosea?"

Maxine akafikiria. "Kusimama mbele ya mlango ni hatari, sisi tunafundisha kufunga hewa na kutoka. Lakini huyo amewaza sawasawa. Anaondoa moto, haongezi maji. Mwenzake akimwacha amalize, pengine wote wanaenda nyumbani."

Nimeona watu wakipigwa na habari mbaya. Nilimwona Nyanchoka siku ile. Lakini sijawahi kuona mtu anapigwa na jambo alilolihadithia mwenyewe miaka tisa, kila neno, na sisi tukimpigia makofi. Hakuna kitu kipya alichoambiwa. Yote alikuwa nayo mdomoni. Sagini aliona kioo. Sagini alisema tuzime. Aliyefungua maji ni Omollo. Tulikuwa tunaijua hadithi yote, na kati yetu sote, na masomo yetu, hakuna aliyewahi kuisikia.

"Nipe tena hiyo miwani," Omollo akasema.

Mara ya pili hakujisifu. Kioo kilipokauka alimgeukia yule mtu wa picha, akamwambia, "Ndugu yangu, nenda nje," ingawa Maxine alikuwa amemwonyesha kitufe cha kumtoa. Akazima feni. Akafunga hewa. Akasimama mbali, mikono imening'inia. Taa za mashine za kukausha zikawa nyekundu moja moja, chai ikaharibika, na hakuna lingine lililotokea. Boila ikapoa tu. Kompyuta ikaandika kwamba amepita.

Hakungoja cheti. Alienda moja kwa moja boila, tukamfuata mimi na Towett. Alichukua koleo akaanza kukwaruza yale maneno juu ya mlango. Rangi ya miaka ishirini haitoki kwa koleo. Ilitoka na plasta.

Siku ya pili akaenda kwa meneja, akamwambia ile ripoti ya Sagini ni ya uongo na uongo ni wake, maana alinyamaza ikiandikwa. Meneja wa sasa si yule wa wakati ule. Alimwangalia, akamwambia, "Mzee Omollo, hiyo faili ilifungwa. Umepita mtihani, rudi kazini."

Akanijia mlangoni kwangu jioni hiyo, kofia mkononi.

"Mama Gichana. Wewe unajua Nyanchoka anauza wapi."

"Najua."

"Nipeleke."

"Ukamwambie nini?"

"Nitajua nikifika."

Nikamwambia mtu akienda kwa mjane bila kujua atasema nini, ni afadhali abaki. Akaniambia hiyo ndiyo sababu anataka mimi niwepo. Basi.

Tulifika Sotik Alhamisi, soko limechangamka. Nyanchoka alikuwa na meza yake karibu na wauza nyanya, mikungu imepangwa, kisu mkononi, anabishana na mwanamke fulani juu ya kichane cha ndizi. Alipomwona Omollo aliacha kubishana. Yule mteja akachukua ndizi kwa bei aliyotaka mwenyewe akaenda.

"Baba Calvince," Nyanchoka akamwambia Omollo. "Umepotea njia."

"Sijapotea, mama. Nimekuja kwako."

"Ndizi ni hizo."

"Sagini hakulala," Omollo akasema.

Hivyo tu, bila kusalimia, wasukuma mikokoteni wakipita na kutusukuma. Nilitaka kumvuta shati, nimwambie anza vizuri, mwanamume wewe. Lakini alikuwa ameshaanza na hangeweza kusimama. Alimwambia yote, hata ile hadithi yake ya chai ya saa nne. Umeme ulipotea kwa muda asubuhi ile, pampu ikasimama, maji yakashuka kabla haujarudi, na kioo kilikuwa kichafu miezi mingi, Sagini amekilalamikia mara mbili. Sagini ndiye alikiona. Akasema moto utoke. "Nikamtukana," Omollo akasema. "Nikamwambia chai iko ndani. Nikafungua maji, yeye akiwa mbele ya mlango. Niliona nimefanya vizuri. Mungu ni shahidi, mpaka Jumanne ya wiki hii niliona nimefanya vizuri."

Nyanchoka alikuwa bado ameshika kisu. Sikupenda jinsi kilivyokuwa kimetulia.

"Sema tena," akasema. "Sagini alisema nini?"

"Alisema tuzime."

"Na ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

"Kwa hivyo aliijua kazi."

"Aliijua kuliko mimi."

Aliweka kisu. Nilidhani atalia, nikafungua mikono. Hakulia. Alitoa simu kwenye aproni, akatafuta jina, akapiga namba isiyo yenyewe mara mbili. Ya tatu ikashika. Akaweka sauti ya nje na kuiweka simu juu ya meza, katikati ya ndizi.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Miaka tisa hawajaongea.

"Omong'ina," Nyanchoka akasema kwa Kikisii, yaani mama mzee, "kuna mtu hapa ana habari ya mtoto wako. Msikilize kwanza, utanitukana baadaye." Halafu akamgeukia Omollo. "Rudia. Mama Gichana atamtafsiria, Kiswahili hakimwingii."

Kwa hivyo nilisimama soko la Sotik nikageuza kila neno la Omollo kuwa Kikisii. Yeye akisema sentensi moja, mimi moja. Kusema "alilala" ni rahisi, nilikuwa nimelisema miaka tisa. Kusema "hakulala" mbele ya mama yake kulinitoa jasho. Nilipofika mahali ambapo Sagini anachukua mkono wa chuma, mahali tulipokuwa tunacheka, sauti yangu ilikatika na Nyanchoka akanipiga kofi la bega. "Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Kwenye simu kulikuwa na kuku wanalia, na pumzi ya mtu.

Halafu mama mzee akauliza swali. Alitumia maneno machache, na nikayaelewa yote, na bado nilisimama kama mtu aliyesahau lugha.

"Amesema nini?" Omollo akauliza.

"Anauliza, hiyo chai ilikauka vizuri?"

Omollo hakutakiwa kujibu, maana hata mimi nilikuwa na jibu. Bomba lilipopasuka mvuke ulikatika mashine zote tatu, majani yakachacha ndani. Saa nane mchana wanawake wa chumba chetu tuliitwa kuyatoa. Nilikuwa na koleo. Tuliyarusha shimoni nyuma ya kiwanda, tukilalamika kwamba ni kazi isiyo yetu, na Sagini alikuwa kitandani hospitali.

"Hapana, mama," nikamwambia kwa Kikisii. "Ilimwagwa yote."

Halafu mama mzee akasema nimpe Nyanchoka. Nyanchoka aliondoa ile sauti ya nje, akaweka simu sikioni, akatugeuzia mgongo. Hatukusikia chochote isipokuwa "ee" yake, ndogo, mara nne au tano, na mara moja "nimesikia."

Alipomaliza alifuta simu kwa aproni. Akavuta gunia kutoka chini ya meza na kuanza kutia ndizi ndani, mbivu na mbichi pamoja, na ilikuwa saa tano tu, soko ndiyo limeiva. Mwuza nyanya akamwuliza kama anaumwa.

"Naenda nyumbani, Kisii," Nyanchoka akasema. "Mama Gichana, shika huku."

Nikashika mdomo wa gunia. Omollo akainama kuchukua mkungu mmoja amsaidie.

"Hiyo wacha," Nyanchoka akamwambia, bila ukali. "Wewe utakuja Jumapili, wakitoka kanisani, watu wote wakiwepo. Utasimama pale kwa kaburi useme vile umesema hapa."

"Nitakuja, mama."

"Na hadithi yako ya saa nne utaihadithia pia. Hivyo hivyo ulivyokuwa unaihadithia. Wasikie."

Omollo aliurudisha mkungu mezani polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Nitaihadithia," akasema.